Mbwa Koko Akipata Kwao



Katika lugha yetu mbwa hakubahatika kupewa heshima. Mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita mbwa. Akitaka kuonya juu ya mazoea yasiyo na mpaka, husema kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Hata tunapomsifu, aghalabu tunausifu ukali wake tu: tunapachika langoni kibao chenye maneno "Mbwa Mkali", tukaona tumekwisha mtendea haki. Na katika mbwa wote, wa mwisho kabisa ni yule tumwitaye mbwa koko. Huyo hana lango, hana kibao, wala hana jina. Hupita nyuma ya vibanda vya chipsi akiwa amebana mkia, na kila amwonaye huinama kutafuta jiwe.

Jumapili ya leo ukurasa huu unataka kumtetea mbwa huyo. Hoja yetu ni moja, nayo ni rahisi: mbwa koko si aina ya mbwa, bali ni hali ya mbwa. Ni mnyama aliyetupwa au kusahauliwa na binadamu. Akipokewa tena nyumbani, kwa subira na kwa utaratibu, hali hiyo humwondoka, na nyumba iliyompokea hupata mwenzi ambaye kwa uaminifu ni vigumu kumpata mwingine mfano wake.

Hebu tujiulize kwanza ametoka wapi. Mbwa hadondoki kutoka mawinguni. Amezaliwa katika ua wa mtu. Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili tu, naye huweza kuzaa watoto watano, sita au zaidi kwa mara moja. Mwenye ua humpa jirani dume la kwanza, humpa shemeji dume la pili, na majike waliosalia hutiwa katika boksi na kuachwa jalalani usiku. Wengine huchukuliwa wakiwa wadogo kwa kuwa wanachekesha. Wakifikisha miezi minane na kuanza kutafuna viatu, kicheko hukoma. Wengine huachwa baba wa nyumba anapohamishwa kazi: vyombo hupandishwa kwenye lori, watoto hupandishwa juu ya vyombo, na mbwa hulikimbilia lori mpaka pumzi zimwishie. Tangu siku hiyo ameitwa mbwa koko.

Tena yako mengine. Wataalamu waliowachunguza mbwa katika sehemu nyingi za Afrika wamekuta kwamba wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe. Wana nyumba wanayorudi kulala, ila katika nyumba hiyo hakuna anayewapa chakula cha kutosha, wala chanjo, wala neno jema. Kwa hiyo mbwa wa kuokolewa huenda asiwe mbali. Huenda amelala hapo hapo uani kwako.

MWENZI WA KALE

Yuko msomaji atakayesema kwamba kumhurumia mbwa asiye na kazi ni anasa ya siku hizi. Historia haikubaliani naye. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la kale la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Yaani ni la zama ambazo binadamu alikuwa hajaanza kulima wala kufuga ng'ombe. Meno ya mbwa yule yalipochunguzwa upya, na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, ilionekana kwamba alikuwa mtoto wa miezi ipatayo saba, na kwamba kabla ya kufa aliugua kwa majuma kadhaa maradhi mazito ya mbwa yaitwayo distempa.

Mbwa mchanga mwenye maradhi hayo hawezi kujitafutia riziki. Asipopashwa joto, asiposafishwa na asiponyweshwa maji, hufa upesi. Mtoto yule alikuwa hana uwezo wa kuwinda wala wa kulinda. Walakini kulikuwa na mtu aliyemuuguza, na alipokufa akazikwa pamoja na watu. Basi huruma kwa mbwa dhaifu si jambo la juzi. Ni ya zamani kuliko jembe.

Wala mtu asidhani kwamba mbwa wa mitaani ni kiumbe hafifu. Wataalamu wa Urusi ya Kisovieti walipotafuta mbwa wa kuwarusha angani, waliwaokota katika mitaa ya Moscow, kwa kuamini kwamba aliyestahimili njaa na baridi ya barabarani atastahimili na mengine. Tarehe 3 Novemba 1957, mmoja wao aitwaye Laika alirushwa ndani ya chombo cha Sputnik 2, akawa mnyama wa kwanza kuizunguka dunia. Mwezi Agosti 1960 wakafuata Belka na Strelka, nao pia ni mbwa wa mitaani, na siku ya pili yake wakarudi ardhini wakiwa hai. Baadaye Strelka alizaa watoto sita. Mmoja wao, Pushinka, alipelekwa Marekani mwaka 1961, zawadi ya Khrushchev kwa familia ya Rais Kennedy. Binti wa mbwa aliyeokotwa barabarani akawa mkazi wa Ikulu.

Lakini habari ya Laika ina uchungu wake. Chombo chake hakikuandaliwa njia ya kurudi, naye alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuruka, jambo ambalo halikuelezwa wazi mpaka mwaka 2002. Alimfuata binadamu aliyemtoa barabarani, na binadamu yule hakukusudia kumrudisha. Hapa pana funzo kwa kila mmoja wetu: anayemwokota mbwa amechukua dhamana. Asiyeweza kuibeba mpaka mwisho, heri asiianze.

KABLA YA KUMCHUKUA

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, kaeni kwanza kama familia, muulizane maswali manne.

La kwanza ni la mahali. Wengi wetu tumepanga vyumba, tena uani tuko familia nyingi. Pata ridhaa ya mwenye nyumba, kisha pata ridhaa ya wapangaji wenzako. Mbwa aliyeletwa kwa ugomvi huishia kutiwa sumu, na mwenye kulia atakuwa mtoto wako.

La pili ni la fedha. Mbwa wa kuokolewa hanunuliwi kwa bei kubwa, lakini hula kila siku, huchanjwa kila mara daktari aelekezapo, na hupewa dawa ya minyoo. Mshahara usiowatosha watu wa nyumbani haufai kuongezewa kinywa.

La tatu ni la miaka. Mbwa aliyetunzwa vema huishi miaka kumi na zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza atamaliza shule ya msingi na kuanza sekondari mbwa bado yupo. Je, mkihamishwa, atakwenda nanyi?

La nne ni la mikono: nani hasa atamlisha? "Sote" si jibu. Jambo la wote aghalabu halina mwenyewe.

Majibu yakiwa mazuri, mtafuteni. Jijini Nairobi kipo chama cha kuwahifadhi wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Karibu na Arusha kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Mahali pengine, mwulizeni daktari wa mifugo, maana yeye huwajua walioletwa na hawakurudiwa. Ikiwa ni mbwa wa mtaani kwenu, ulizeni kwanza kama ana mwenyewe. Kisha msimkimbilie wala msimkamate kwa mikono mitupu. Mwekeeni chakula mahali pamoja, saa ile ile, kila siku, nanyi mkae mbali. Mwacheni yeye ndiye apunguze hatua.

Akishakubali, safari yake ya kwanza ni kwa daktari wa mifugo. Achanjwe kichaa cha mbwa, apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe na viroboto, atibiwe ukurutu kama anao. Ombeni pia ahasiwe, au akiwa jike afungwe kizazi, ili nyumba yenu isiwe chanzo cha boksi jingine jalalani.

Chakula chake si cha ajabu. Ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya nyama humfaa, pamoja na maji safi wakati wote. Aliyekuwa na njaa ya siku nyingi apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, asije akadhurika kwa shibe ya ghafla. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali. Na vitunguu na chokoleti kwake ni sumu.

SIKU TATU, WIKI TATU, MIEZI MITATU

Watu waliozoea kuwapokea mbwa wa namna hii wana hesabu yao: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Si sheria, lakini humsaidia mgeni wa kazi hii asikate tamaa mapema.

Siku tatu za kwanza ni za hofu. Utamwona amejibanza pembeni, hali mbele ya watu, hashtuliwi na jina ulilompa. Ukiinua mkono kuanika nguo, yeye hujikunyata. Ukichukua ufagio, hukimbia. Usiudhike. Mnyama huyo anakusimulia maisha yake kwa lugha aliyo nayo. Mwache apumzike. Watoto wasimzunguke, wala wageni wasiitwe kuja kumtazama.

Wiki tatu ni za kujifunza ratiba. Anajua sasa lango linafunguliwa saa ngapi na sufuria yake inatoka mlango gani. Hapo ndipo atakapojaribu mipaka, na ndipo wengi wanapomrudisha walikomtoa. Akichimba bustani au akichukua kandambili, usimpige. Kipigo hakimfundishi mbwa adabu. Humfundisha kukuogopa tu, na mbwa mwenye hofu ndiye mwepesi wa kuuma. Mtuze anapotenda jema, kwa kipande cha chakula na kwa sauti ya upole, nawe usibadili amri zako. Baba akimkataza kuingia jikoni na mtoto akimruhusu, mwenye kosa si mbwa.

Miezi mitatu ndiyo ya kuwa wa nyumbani. Siku hiyo haitangazwi. Utamkuta tu mchana wa Jumapili amelala chali chini ya mwembe, miguu minne juu, tumbo wazi. Mnyama aliyezoea kulala jicho moja likiwa macho hawezi kulala hivyo mahali asipopaamini. Mtazame vizuri, kwani hiyo ndiyo hati yake ya shukrani.

FURAHA YENYEWE

Na furaha iko wapi? Iko katika mambo madogo yanayorudi kila siku. Umetoka kazini jioni, umesimama ndani ya daladala kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na msimamizi amekufokea kwa kosa lisilo lako. Kabla hujafika langoni, yuko mmoja aliyekwisha zitambua hatua zako. Hakuulizi umeleta nini. Mwili wote unatikisika kwa mkia mmoja. Mtu hawezi kulisimulia jambo hili bila kuonekana anatia chumvi, lakini waliolionja wanalijua.

Sayansi nayo imelipima. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni, homoni iitwayo oksitosini, ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Maana yake ni kwamba si wewe peke yako unayehisi. Na yeye anahisi.

Kwa watoto, mbwa wa kuokolewa ni mwalimu. Mtoto aliyekwisha ona jinsi mnyama mwenye hofu anavyorudishiwa imani, siku kwa siku, kwa bakuli la maji na sauti ya chini, si rahisi aokote jiwe. Lakini naye afundishwe adabu yake: asimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, asimkumbatie shingoni, na anawe mikono kwa sabuni kila baada ya kucheza naye. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa awe mpole namna gani.

Kwa bibi au babu anayeshinda nyumbani peke yake, mbwa ni miguu inayomfuata kutoka chumbani hadi uani. Na kwa ulinzi, wasomaji wengi watashangaa: mbwa aliyeokolewa hahitaji kufungwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Mbwa apendaye nyumba yake hubweka mgeni anapokaribia, na kubweka huko ndiko tunakokuhitaji. Mnyororo wa kutwa humharibu akili, na mateso ya namna yoyote kwa mnyama yanakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008.

Tahadhari moja juu ya jina. Wapo waitao mbwa wao kwa mafumbo ya kumrushia jirani, kama "Watasema" au "Hawachoki". Mbwa wako ameshapigwa mawe ya kutosha kwa makosa ya watu wengine. Mpe jina lake mwenyewe.

USALAMA WA MTAA

Wengine watauliza: je, si bora mbwa hawa wauawe, mtaa ubaki salama? Swali hili si la kudharauliwa, kwa maana kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Kwa makisio ya wataalamu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, ni nadra mno mtu kupona.

Lakini kuwaua mbwa ovyo hakujaumaliza ugonjwa huo. Wanaokufa ni pamoja na waliokwisha chanjwa, na nafasi yao huchukuliwa upesi na wengine wasiochanjwa. Kinachoumaliza ni chanjo: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliufuta ugonjwa huu. Uliporejea mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, chanjo iliufuta tena. Sasa tafakari: ni mbwa yupi awezaye kushikwa akachomwa sindano? Ni yule mwenye jina na mwenye mtu wa kumwita. Kila mbwa koko apataye nyumba ni mbwa mmoja zaidi anayeweza kuchanjwa, na kwa hiyo ni ngao ya watoto wa mtaa mzima.

Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, jeraha lisafishwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Asingoje kuona dalili, wala asipake dawa za kubahatisha.

KWA WASIOWEZA

Wako wasomaji wengi, hasa wa mwambao, ambao mafunzo ya dini yao huwataka wajihadhari na mate ya mbwa. Ukurasa huu haumwambii mtu ayavunje mafunzo yake. Lakini hao ndio wakijuao zaidi kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Wanajua pia kwamba vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Mbwa wa ulinzi akaaye uani, mwenye kibanda chake na chombo chake, mbali na mahali pa kuswalia, ni jambo ambalo familia nyingi zimeliweza.

Na asiyeweza kumfuga kabisa, kwa dini, kwa nafasi au kwa kipato, hana lawama. Bado lipo la kufanya. Weka kopo la maji nje ya lango wakati wa jua kali. Mkataze mwanao kutupa mawe. Siku ya chanjo ya mbwa itangazwapo, ambayo mahali pengi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mkumbushe jirani mwenye mbwa. Na kama jirani huyo anahama, mwulize kwa upole, kabla lori halijaondoka, kama mbwa naye amepata nafasi.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiuona ufuko. Mbwa wa mtaani kwenu bado anaogelea, ndugu msomaji. Labda ufuko anaoutazamia ni lango la nyumba yako.